Vidole vya Chaki

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimemwamkia shemeji yangu kila ninapokutana naye, na sikumbuki siku hata moja niliyotoa hiyo shikamoo kwa moyo. Ananizidi miaka miwili, na huku kwetu Mwika miwili inatosha. Yeye huipokea polepole, "Marahabaa," akiivuta kama anayevuta kamba ya ng'ombe mkaidi, kisha ananitazama mikono. Alianza kunitazama mikono siku nilipokwenda kumposa dada yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwaka wa pili kazini, na yeye alikuwa mpagazi wa mlimani, mwenye viganja kama gome la mti. Akasema mbele ya wazee, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa bado haijamiminwa, kwamba dada yake hawezi kulishwa chaki.

Dada yake nilimwoa, na namshukuru Mungu kwa ajili yake kila asubuhi. Chaki niliiacha nilipostaafu. Macho ya shemeji kwenye mikono yangu hayakustaafu.

Ninayoyaandika hapa yanahusu mikono hiyo hiyo, hasa ncha za vidole. Mdogo wangu alipiga gitaa la besi katika kwaya ya usharika wetu zaidi ya miaka ishirini. Alifariki masika, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba ya baba yetu. Shemeji ndiye mwenyekiti wa kwaya na ndiye mpiga gitaa la solo. Wiki ya tatu baada ya mazishi aliitisha kikao, na jambo la kwanza alilolitaja lilikuwa lile gitaa.

"Lisikae pale kuliwa na panya," alisema. "Kinanda kina mkono wa kushoto, kitatupigia besi. Na mjini, pale mtaa wa Soweto, kijana wangu ana kikundi cha nyimbo za Injili. Besi hawana. Tuwape."

Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma na kitabu cha nyimbo mapajani, mwimbaji wa sauti ya nne tu. Gitaa lilikuwa limeegemezwa ukutani, mahali mdogo wangu alipoliacha Jumapili ya mwisho, na mkanda wake bado ulikuwa na kile kifundo alichokipiga ulipokatika.

"Haliendi Soweto," nikasema. "Litapigwa hapa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Walicheka, na siwalaumu. Chuoni nilikuwa nimejifunza gitaa la kawaida kiasi cha kuwaongoza watoto kuimba, basi. Shemeji hakucheka. Alinitazama mikono.

"Shemeji, ile siyo ubao," akasema. "Utaandika nini pale? Hivyo ni vidole vya chaki."

Kikao kikakubaliana hivi: nipewe muda mpaka Sikukuu ya Mavuno, mwishoni mwa msimu wa kahawa. Siku hiyo kwaya ingeimba nyimbo nne. Nikizipiga zote nne mpaka mwisho, gitaa linabaki. Nikishindwa hata mmoja, linateremka Soweto. Katibu akaandika. Nilisema ndiyo kabla sijaomba, na mtu wa umri wangu anajua kwamba ndiyo ya namna hiyo hutoka tumboni, haitoki kwa Bwana.

Asiyewahi kushika besi hawezi kudhani uzi unaweza kuuma hivyo. Nyuzi ni nne tu, lakini ule mnene unakaribia waya wa kuanikia nguo, na wote umezungushiwa chuma chembamba kinachokwaruza kama tupa. Mkono wa kushoto unabana nyuzi shingoni, mkono wa kulia unazichokoa kwa vidole viwili. Nyuzi za marehemu zilikuwa na kutu. Sikuzifuta. Jioni ya kwanza nilibana kwa saa mbili bila kupumzika, nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na zizi, na kila nilipobana niliona uso wa shemeji. Nilibana kama mtu anayemkaba mwingine. Nilipoacha, ncha za vidole zilikuwa na mifereji myekundu, na kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimeota lengelenge kubwa kama punje ya hindi.

Kesho yake nikalitoboa kwa mwiba wa mlimau, nikapiga tena.

Mke wangu alivumilia wiki mbili. Ya tatu akanikuta jikoni nimetumbukiza vidole kwenye bakuli la maji ya magadi.

"Mwalimu, unafanya nini na magadi yangu?"

"Nakomaza ngozi."

Aliweka sufuria chini. "Mimi nikipika kiburu natia magadi ya nini?"

"Maharage yaive."

"Yaive yawe magumu?"

Nikatazama vidole vyangu ndani ya maji.

"Wewe umefundisha watoto wa watu sayansi," akasema, akinitoa mkono bakulini kama anayemtoa mtoto motoni. "Toa. Na huyo kaka yangu akisikia haya, hatutalala."

Alisikia. Sijui kwa nani. Jumamosi iliyofuata, saa tisa, tulipokusanyika kwa mazoezi, nilimwamkia, akavuta marahaba yake, halafu akawaambia wenzake, "Leo taratibu na mwalimu. Vidole vimelowekwa, bado kusagwa tu." Soprano wakaangua kicheko, nami nikaingiza plagi bila kumwangalia mtu.

Mazoezi yetu yalikuwa hivyo hivyo kila Jumamosi. Shemeji ndiye aliyetengeneza sauti za vyombo kabla hatujaanza, kwa sababu ufunguo wa stoo ulikuwa wake. Alizungusha hiki, akazungusha kile, akarudi kwenye solo yake. Wimbo ukianza, nilipiga na sikujisikia. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Bado sikujisikia. Nikazichokoa nyuzi kama mtu anayeng'oa mizizi ya gugu, na kufikia wimbo wa pili malengelenge yalikuwa yamepasuka na uzi umeshika unyevu. Yeye akasimamisha kwaya. "Besi iko wapi? Mwalimu, umelala?" Nilionyesha vidole. "Aah," akasema, "chaki imevunjika. Kinanda, shika besi."

Nilirudi nyumbani mara nne za namna hiyo kwa njia ya nyuma, ya mfereji, ili nisikutane na watu. Njiani niliomba. Najua niliomba nini, na hayakuwa maombi mazuri.

Kidole cha shahada kikaingia usaha. Nikaenda zahanati, kwa muuguzi mmoja binti wa huku huku, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Alikiosha, akakiminya, akakifunga. Akageuza kiganja changu cha kushoto, akazitazama zile ncha.

"Hii ni nini?"

"Gitaa."

"Unalipiga au unapigana nalo?"

Akanipa maelekezo yake, nami niliyashika kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Lengelenge lisitobolewe, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji ambayo Mungu ameshaifunga. Likipasuka lenyewe, lioshwe kwa maji safi na sabuni, likauke, lifunikwe, na kidole kipumzike mpaka kisiume kikiguswa. Baadaye nianze robo saa, nipumzike, robo saa tena, kila siku kidogo. Kikianza kuwaka moto, niache hapo hapo, nisingoje lengelenge. Sugu huja zenyewe, hazilazimishwi. Zikija zisichunwe wala kuumwa kwa meno. Zikiota ukingo zisuguliwe kidogo kwa msasa laini zisinase kwenye uzi.

"Na ziwe kavu," akasema. "Hizi zako zimelowa. Babu, unafua nguo?"

"Sifui."

"Basi kuna maji mahali. Ngozi ya sugu hailainiki hivi bure."

Nililibeba swali lile mpaka nyumbani, na jibu lilikuwa limejaa kwenye ndoo tatu nyuma ya jiko.

Sisi humenya kahawa kwa mashine ya mkono. Mashine hiyo ni ya baba mkwe, marehemu, na kabla hajafa aliigawa kwa siku, siyo kwa mtu: nyumba ya mwanawe Jumatatu na Jumanne, nyumba ya binti yake, yaani yetu, Alhamisi. Inakaa kwa shemeji. Kahawa ikishamenywa Alhamisi jioni, tunaiacha kwenye ndoo ichachuke siku moja na nusu, halafu Jumamosi alfajiri tunaiosha utelezi. Hakuna njia ya mkato. Unaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, unasugua punje kwa punje, unabadilisha maji, unasugua tena, mpaka isikike ikikwaruzana kama kokoto. Ni kazi ya muda wa saa tatu au nne. Ukitoa mikono, vidole ni vyeupe, vimekunjamana, vimelainika kama ndizi ya kutengenezea mbege. Kila Jumamosi saa tisa nilikuwa nikivipeleka vidole vya namna hiyo kwenye waya.

Sugu nilizokuwa nikizipata Jumatatu mpaka Ijumaa kwa uvumilivu, nilizifuta mwenyewe Jumamosi asubuhi kabla ya chai.

Nilikwenda kwa shemeji jioni ile ile. Vihamba vyetu vimepakana. Katikati ni mstari wa masale tu, mimea yetu ya mpaka. Nilisimama upande wangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahabaa."

"Nina ombi la mashine. Tubadilishane. Nipe Jumatatu, wewe uchukue Alhamisi."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema uongo. "Vidole," nikasema. "Nikiosha kahawa Jumamosi, mchana vinachubuka. Nikimenya Jumatatu, nitaosha Jumatano, vitapata siku tatu za kukauka."

Alikuwa akikata majani ya ng'ombe. Hakuacha kukata. "Alhamisi ulipewa na nani?"

"Na baba."

"Baba yupo tumuulize?"

"Shemeji, ni msimu mmoja tu."

"Kumbe baba alipanga vibaya. Alitakiwa atazame kwanza vidole vya mwalimu." Akafunga mzigo wa majani. "Alhamisi ni yako. Sikuizuia hata mara moja. Usije ukasema nilikunyima mashine."

Ndivyo alivyo. Hakunyimi kitu, anakupa kile kile ulichopewa na marehemu, na anakupa mpaka kikuumize.

Mke wangu akasema ataosha peke yake. Jumamosi mbili aliosha. Ya tatu nilitoka kukamua nikamkuta amekaa chini kwenye maji, magoti yamemgomea, na bado anasugua. Nikamwinua. "Mimi ni dada wa yule na mke wa huyu," akasema akijifuta. "Nikisema nitakosea kote. Ila gitaa lenyewe silitaki hata kuliona." Nikajaribu glovu za mpira. Mikono ikatoka jasho humo ndani, ikatoka imelowa kuliko ya maji. Mwisho nikachukua ule mwiko mkubwa wa kukorogea mbege, nikaanza kuoshea kahawa kwa mwiko, nimesimama kama mpishi wa harusi. Unachosha mabega na hauondoi utelezi vizuri kama mkono, lakini vidole vilibaki vikavu.

Kutoka ng'ambo ya masale nikasikia, "Shemeji, hiyo pombe ya kahawa itaiva lini? Tuje na vibuyu?"

Nilikoroga. Niliendelea kukoroga na kuhesabu moyoni mema ya Bwana, maana nilifundishwa hivyo tangu utoto: hasira ikija, hesabu. Nilifika ishirini na kitu, na katika yale ishirini na kitu sikumtia shemeji.

Basi vidole vikaanza kukomaa. Robo saa asubuhi baada ya kukamua. Hapo pia nilijifunza: mafuta ya kukamulia nayo hulainisha, kwa hiyo nilinawa kwa sabuni, nikakausha, nikangoja kidogo. Robo saa mchana, robo saa jioni. Nikazifuta nyuzi kutu kwa kitambaa kikavu, kila baada ya kupiga. Nikagundua kwamba kidole kikiwekwa karibu kabisa na ule ukingo wa chuma unaokatiza shingo ya gitaa, uzi unalia vizuri kwa kubanwa kidogo tu. Mimi nilikuwa nabana katikati, mahali pagumu, kwa ubishi. Nyumbani vidole havikuuma tena. Lakini kila Jumamosi kanisani viliuma, na hilo lilinishinda kuelewa.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya Mavuno, kulikuwa na msiba Marangu na shemeji alikwenda kuzika. Alimpa katibu ufunguo. Nilifika wa kwanza, katibu akanifungulia, akaenda kutafuta maji. Nikawasha amplifaya mwenyewe, mara ya kwanza tangu nianze.

Kitufe cha sauti ya besi kilikuwa kwenye mbili. Pembeni yake, juu ya rangi nyeusi, kulikuwa na mkwaruzo mdogo wa msumari, karibu na sita. Niliutambua mkono. Mdogo wangu aliweka alama kila mahali: kwenye mpini wa jembe lake, kwenye ndoo yake, kwenye kikombe. Nikakizungusha kitufe mpaka kwenye mkwaruzo. Nikaugusa uzi mnene kwa ncha ya kidole, kama unavyomgusa mtoto aliyelala.

Madirisha yalitetemeka. Katibu alirudi na ndoo akidhani kuna gari kubwa nje.

Nilikaa kwenye benchi. Miezi ile yote nilikuwa nikichokoa kwa nguvu za kung'oa magugu ili nisikike, na nisingesikika hata ningepiga kwa nyundo, kwa sababu kila Jumamosi kabla sijashika gitaa mkono wa mtu ulikuwa umeshanizima. Mpigaji asiyejisikia hupiga kwa nguvu, na anayepiga kwa nguvu huchubuka. Hiyo ndiyo siri nzima, na mdogo wangu aliikwaruza pale kwa msumari, na sikuwa nimeinama kuiona. Jioni ile nilipiga nyimbo zote nne kwa vidole vyepesi. Havikuuma. Nilirudi kwa njia kuu, nikiwa na chuki safi kabisa, iliyokaushwa vizuri.

Sikumwambia. Nilingoja. Najua kungoja.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mapema. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa mbele kuanzia madhabahuni mpaka benchi la tatu, na magunia ya kahawa, viazi, madebe ya maziwa, kuku waliofungwa miguu wakilalamika chini ya meza. Nilifika nikazungusha kitufe mpaka kwenye mkwaruzo. Shemeji akaja na solo yake begani, akapita nyuma yangu kana kwamba anatafuta waya, akakishusha. Nikakipandisha. Akaweka mkono juu yake na hakuuondoa.

"Shemeji, toa mkono," nikasema kwa sauti ya chini.

"Hata shikamoo hujanipa leo."

"Shikamoo."

"Marahaba." Mkono ulikuwa pale pale.

"Miezi minne umenizima."

"Nimekuficha," akasema, akitazama mbele, akitabasamu kwa ajili ya waumini. "Ulikuwa unakosea kila mstari. Ulitaka usharika mzima usikie? Nilikuwa nakufunika aibu, shemeji."

"Niache niaibike kwa sauti yangu mwenyewe."

Alinigeukia. Nadhani hakuwa ametegemea jibu hilo. Tungekaa pale na mikono yetu miwili kwenye kitufe kimoja mpaka sadaka ikusanywe, lakini mchungaji alikuwa ameshasimama mlangoni na msalaba mbele yake, na waumini wote walisimama. Shemeji akaondoa mkono.

Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita. Niligusa tu, amplifaya ikafanya kazi yake, na nilisikia sauti ikishuka chini sakafuni na kurudi kupitia nyayo za watu. Katika wa tatu kidole cha kati kilianza kuwaka. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeanza kubana tena, nikalegeza, moto ukapoa. Ukabaki mmoja.

Wa nne ni ule wa kuleta mavuno mbele, ambao watu huucheza wakitembea. Tulikuwa tumeuzoea mwendo wa taratibu, wa mama mwenye mkungu kichwani. Shemeji ndiye anayeuanzisha. Akauanzisha mbio. Alijua, na mimi nilijua, kwamba kwa mwendo ule vidole vyangu vya miezi minne visingefika ubeti wa tatu. Vingeshikana, vingebana, vingepasuka, na gitaa lingeshuka Soweto mbele ya mikungu ile yote.

Sikumfuata. Nilipiga mwendo wetu, ule wa mazoezi, sauti ya kwanza chini, nzito, ya pili mahali pake. Kwa mistari miwili kanisa lilikuwa na nyimbo mbili. Soprano walinitazama, wakamtazama yeye. Lakini kina mama walikuwa wameshaanza kutoka kwenye mabenchi na mikungu yao, na mtu mwenye mkungu kichwani hafuati solo. Anafuata kile kinachotikisa sakafu. Miguu ikaja kwangu. Kinanda kikaja. Kwaya ikaja. Shemeji akabaki mbele peke yake kama mtu aliyemwacha ng'ombe nyuma, na ikambidi apunguze, arudi. Tukamaliza pamoja.

Nilikwenda kwenye Meza ya Bwana siku hiyo na ladha ya ushindi mdomoni kabla ya mkate. Nilipiga magoti, mtu wa tatu kutoka kwake. Sikumtafuta kwa macho, sikumpa mkono kabla, na nilijua kwamba mtu hupatana na ndugu yake kwanza, maana nimewafundisha wengine hilo katika darasa la Kipaimara. Naliandika hapa kwa sababu bado ninaliombea msamaha.

Kikao cha kwaya kilikaa wiki hiyo. Katibu alisoma yaliyoandikwa. Nyimbo nne, zote nne.

"Limebaki," shemeji akasema. "Kwa sasa." Na akafunga kwa sala ndefu ambayo haikunitaja.

Kahawa ya mwisho ilikuwa bado mitini, ile michache ya kuokoteza. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nikimkamua ng'ombe niliposikia toroli ikipita kwenye kijia cha masale, ikasimama, ikarudi tupu. Mke wangu alitoka kuangalia.

"Mwalimu, mashine ipo hapa."

"Leo Jumatatu."

"Najua siku. Mashine haina miguu, haikujileta."

Nikaja nikaitazama. Ilikuwa imewekwa juu ya majani makavu, imefutwa vizuri. Mpini wake haukuwepo. Ule mpini unatoka kwa kulegeza skrubu moja, na skrubu ilikuwepo, imekazwa mahali pake, tupu. Mashine bila mpini ni chuma tu.

Mke wangu alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga. "Nenda," akasema. "Anataka uende."

Nikanawa mafuta mikononi, nikakausha, nikavuka masale. Alikuwa amekaa mlangoni kwake, mpini umelala mapajani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahabaa." Hakunipa haraka mpini. "Umenisimamisha mbele ya kanisa zima."

"Ulianza mbio."

"Nilianza mbio," akakubali. Kisha akanyoosha mkono. "Lete."

Sikujua anataka nini, nikampa mkono. Akaugeuza, akazitazama zile ncha za vidole kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa ng'ombe mnadani. Sugu zilikuwa pale, nne, ngumu, za rangi ya ganda kavu la ndizi. Akakishika kidole cha kati kwa dole gumba lake la mpagazi na kukiminya, kwa nguvu nyingi kuliko zilizohitajika kwa kutazama, akinikazia macho usoni.

Sikuvuta mkono. Alipotosheka akaniachia, akanipa mpini.